Chimni Iliyobaki Hewani

Nyumba tuliyohamia karibu na Kipkelion ilijengwa na Mzungu mmoja aliyefuga ng'ombe hapo kabla ya Uhuru. Alipoondoka, shamba lake likakatwa vipande, na kipande chetu kikawa ndicho chenye nyumba. Watu wa kanisani walituambia tumebahatika. Wenzetu tuliotoka nao upande wa Kisii walianza maisha katika vibanda vya udongo, sisi tukaanza katika nyumba ya mawe yenye madirisha ya vioo na sakafu ya mbao iliyolia kila ukiikanyaga.

Katikati ya nyumba hiyo palikuwa na dohani kubwa ya mawe meusi. Sisi tuliiita chimni tu. Ilianzia sebuleni, penye shimo la kuotea moto, ikapanda ukutani ikipakana na chumba cha mama mkwe wangu, ikatoboa dari, kisha ikasimama juu ya mabati ikiwa na urefu wa kumpita mtu. Labda Mzungu aliifurahia. Sisi tukiwasha moto, moshi ulirudi ndani ukatutoa machozi, na mvua ikinyesha, maji meusi yaliteremka hadi sakafuni. Tena ilikula sebule. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, na ibada za nyumba kwa nyumba zilipofika kwetu nusu ya watu waliketi nje kwenye nyasi.

"Hii kitu itoke," alisema. "Tuwe na sebule ya watu."

Mume wangu alifanya kazi ya reli. Alikuwa akikaa nje majuma kadhaa, kisha anarudi kwa siku chache. Katika mojawapo ya safari hizo alimpata fundi, mtu wa Sigor, kule Chepalungu, aliyesifiwa kwa kujenga nyumba za wafanyakazi wa majani chai. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na fundi aliyejua mawe, mbao na mabati kwa pamoja hakuwa rahisi kupatikana. Alikuja na mfuko wa vyombo begani, mtu mrefu, mwenye kicheko cha karibu. Lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kikipsigis, yetu Kikisii, basi tukakutana katika Kiswahili, kila mmoja akikivuta upande wake.

Aliizunguka chimni, akaigonga kwa nyundo, akainua macho. Kisha mume wangu akamuuliza kama anaweza, naye akacheka.

"Mzee, hii ni mawe tu. Mawe yalipanda, yatashuka."

Mume wangu alitaka kuiona nafasi ya sebule kabla hajarudi kazini. Kwa hiyo fundi akaanza chini. Alivunja shimo la moto, akatoa mawe kwa mtaimbo, na jioni yake tuliweza kupita kutoka upande mmoja wa sebule hadi mwingine bila kuzunguka. Mume wangu alipita mara kadhaa, akinyoosha mikono kama mtu anayepima kitambaa. Alifurahi, nami nikafurahi naye. Keshoye akapanda gari la moshi akaenda zake.

Fundi aliendelea kuvunja hadi akafika darini. Hapo akasimama. Sehemu yote ya juu, iliyokuwa ndani ya dari na ile iliyotokeza juu ya paa, ilikuwa imebaki hewani. Aliipitishia chini yake mbao mbili nene, na chini ya mbao akasimamisha miti mitatu ya mkaratusi, mibichi, iliyokatwa asubuhi hiyo hiyo kwenye mpaka wetu. Kila mti aliukaza kwa kabari za mbao alizozipigilia penye sakafu. Alifanya haraka, bila kucheka, na jasho lilimtoka ingawa siku ilikuwa ya baridi.

"Mama," aliniambia alipokuwa akifunga mfuko wake, "hizi miti usiguse. Mtu asiegemee. Nitarudi Jumatatu."

Jumatatu hakuja. Juma lile lote hakuja.

Mwanzoni niliwaza amepata msiba, au mvua imefunga barabara. Nilifagia vumbi, nikaizunguka ile miti mitatu kama unavyomzunguka mbwa usiyemjua. Kisha asubuhi moja nilikuta vumbi jipya mahali nilipofagia usiku uliopita. Lilikuwa kidogo, kama unga uliomwagika kwenye ungo. Nikafagia. Mchana lilikuwepo tena.

Reli ilipita bondeni chini ya shamba letu. Tangu tuhamie nilikuwa nikiupenda mlio wa gari la moshi, kwa sababu ndilo lililomleta mume wangu. Sasa nilipousikia nilikimbia kutoka jikoni, mtoto wetu mdogo mgongoni, nikasimama mlangoni mwa sebule. Vikombe kabatini vilitikisika, jambo ambalo vilifanya siku zote na sikuwahi kulijali. Lakini sasa baada ya vikombe nilisikia kitu kingine huko juu, sauti ya jiwe likisagana na jiwe, kama mtu anayesaga meno usingizini. Kisha vumbi.

Mimi na mtoto tulihamia jikoni, kijumba cha udongo kilichokuwa nyuma. Tatizo lilikuwa mama mkwe.

Alikuwa mzee, nyonga yake ilivunjika zamani ikaunga vibaya, na hakutembea bila kushikwa. Kitanda chake kiliegemea ukuta ule ule wa chimni. Nilipomwambia tuhamie sote jikoni, aligeuza uso.

"Jikoni kuna moshi. Kifua changu hakiwezi."

"Mama, nitauzima moto jioni. Nitakutandikia vizuri."

"Mimi hapa sitoki."

"Mama, yale mawe yataanguka."

"Yaanguke. Yatanikuta nimelala."

Nilimsihi, nikalia, nikamwita jirani yangu, mama mmoja wa kanisani mwenye sauti ya upole, naye akasihi. Mama mkwe alivuta blanketi hadi kidevuni. Miongoni mwetu huwezi kumbeba mama wa mume wako kama gunia la mahindi. Basi nikawa namwacha pale, na mara nyingi kwa siku nikawa naingia chini ya yale mawe kumpelekea uji, kumgeuza, kumnawisha, kumtolea chombo. Mtoto nilimwacha nje kwa jirani kila nilipoingia. Nilisema moyoni, kama yataanguka, yasimkute mtoto. Nilikuwa nikimlisha uji huku shingo yangu imekakamaa, siwezi kuangalia juu na siwezi kuacha kuangalia. Mara moja chembe za chokaa zilidondoka ndani ya bakuli. Yeye aliziona. Alizitoa kwa kidole, akaendelea kunywa.

Mume wangu alirudi kwa siku mbili. Nilimpokea stesheni na maneno yote niliyokuwa nimeyakusanya. Alinisikiliza njia nzima, akaingia sebuleni na koti lake la kazi, akautazama mti wa katikati, kisha akaupiga kwa kiganja cha mkono, puu, kama mtu anayempiga rafiki mgongoni.

Nilipiga kelele. Sikujua kama nina sauti ya namna hiyo.

"Umeona?" akasema. "Haujatikisika hata kidogo. Fundi anajua kazi yake. Wewe unajitia hofu bure."

Alikuwa mtu mwema. Lakini siku zake za nyumbani alizitumia kumlaumu fundi kwa kuchelewa, kana kwamba shida ilikuwa kuchelewa, na alipoondoka aliniagiza nitume ujumbe Sigor. Mama yake hakumgusa. Alimuuliza mara moja tu kama angependa kuhama, mama akasema hapana, akaridhika.

Siku chache baada ya hapo nilikuwa nikifagia, nikapiga magoti karibu na ule mti wa katikati. Miti ilikuwa imeanza kukauka. Maganda yalikuwa yamepasuka na kujikunja, na kwenye kichwa cha mti, palipogusana na ubao, niliona mstari wa mwanga. Sikuuamini. Nikapanda juu ya stuli, nikaingiza ukucha wangu pale. Ukucha ukapita. Mti ule ulikuwa haujabeba kitu chochote. Ulikuwa umesimama tu, na mawe yote yalikuwa juu ya ile miwili iliyobaki, nayo ilikuwa ikikauka vilevile.

Niliteremka polepole, nikatoka nje kinyumenyume. Sikumtuma mtu Sigor. Nilimwomba jirani amtunze mama mkwe, nikamweleza asikae ndani ila kwa haja, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda mwenyewe.

Sikuwahi kusafiri mbali hivyo bila mume wangu. Basi lilinifikisha Kericho, na lingine likapita katikati ya majani chai yaliyokatwa sawasawa kama meza, kijani hadi macho yakachoka, wachumaji wakiwa wamezama kiunoni. Nilikuwa nikiangalia nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa mistari, nikiwaza ni zipi alizozijenga. Hakuna hata moja iliyokuwa na chimni. Niliziangalia zote hadi Bomet. Hapana. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba huenda hakuwahi kuigusa chimni maishani mwake.

Sigor nilifika kwa lori la mfanyabiashara wa mahindi, nikaulizia, nikaelekezwa. Nilimkuta akitengeneza ua wa boma lake. Aliponiona akaweka panga chini. Hakukimbia, wala hakunisalimu.

"Imeanguka?" akauliza.

"Bado."

"Kuna mtu amekufa?"

"Hakuna."

Aliketi chini palepale kwenye majani. Mkewe alitoka, akanipa maziwa ya mursik kwenye kikombe kikubwa, akamchukua mtoto bila kuuliza neno. Fundi alikaa aking'oang'oa nyasi.

"Mama, mimi nimekaa hapa nikingoja polisi," alisema hatimaye. "Kila gari likisimama huko barabarani, nasema, ndio hao."

"Kwa nini hukurudi?"

"Niliogopa." Alisema hivyo bila kuniangalia. "Sijawahi kushusha kitu kama ile. Nilifikiri mawe ni mawe. Nilipofika darini ndio nikaona iko nzito namna gani, na mimi nimeshakata miguu yake. Ilitakiwa nianze juu. Hata mtoto angejua kuanza juu."

Njiani nilikuwa nimeandaa maneno makali. Nilikuwa nimeyarudia safari nzima. Sasa yalinitoka kichwani. Nilimwambia tu kwamba mti wa katikati umelegea, na kwamba mama mkwe wangu bado analala mle.

Akainua kichwa. "Nyanya yuko ndani?"

"Hataki kutoka."

Alisimama. "Tulale, kesho tuende alfajiri," akasema.

Alfajiri tukaondoka. Kila basi liliposimama kupakia abiria na mizigo, tulitazamana. Tulipoanza kuteremka kuelekea nyumbani nilitafuta paa letu kwa macho kabla ya kitu kingine chochote. Chimni ilikuwepo bado. Lakini yeye alisimama barabarani, akafumba jicho moja, akanyoosha kidole chake kama timazi.

"Imelala," akasema. "Angalia. Imelalia upande wa chumba cha kogo." Kogo ndivyo wanavyomwita nyanya kwa Kikipsigis.

Kwanza alikata miti mingine, mikavu safari hii, akaiingiza pembeni ya ile ya kwanza. Alifanya kazi akiwa amepiga magoti, akigonga kabari pole pole, na baada ya kila pigo alitega sikio. Nilishikilia mti huku nikihesabu pumzi zangu. Kisha akavua kofia, akaingia chumbani kwa mama mkwe, akachuchumaa kando ya kitanda.

"Kogo," akasema, "ni mimi niliharibu hii nyumba. Sasa nataka kupanda juu kutoa mawe. Naogopa sana. Siwezi kupanda kama wewe uko hapa."

Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu. Sisi wote tulikuwa tumemwambia asiogope, au tumemwambia aogope. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba yeye mwenyewe anaogopa, nami pia sikuwa nimesema, ingawa nilikuwa nikitetemeka mbele yake kila siku.

"Nikitoka, nani atanirudisha?" akauliza.

Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Nilipofiwa na mume wangu," akasema, na sasa alikuwa akiniangalia mimi, "shemeji zangu waliniambia nitoke nyumbani kwangu kidogo, wafanye usafi. Nililala kwa jirani. Katika nyumba ile sikulala tena. Sasa mwanangu anataka sebule ya watu. Chumba hiki kiko karibu na sebule. Mkishanipeleka jikoni, nitabaki jikoni."

Kumbe hayo ndiyo aliyokuwa ameyabeba kifuani siku zote zile, akichagua mawe kuliko kutolewa. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake, juu ya vumbi, nikamshika mkono. Nilimwapia kwamba atarudi chumba hiki hiki, kitanda hiki hiki, na kama mume wangu atakataa basi na mimi nitabaki jikoni naye. Alinikazia macho, akitafuta uongo. Kisha akasema, "Haya. Nibebeni. Lakini na kitanda kitoke."

Tulimtoa akiwa ameketi kitini, fundi upande mmoja, mimi na jirani upande mwingine, tukapita chini ya mawe huku sote tumeinamisha vichwa, kana kwamba kuinama kungesaidia. Kisha tukarudi kuchukua kitanda.

Mume wangu alifika siku iliyofuata, na safari hii hakuupiga mti wowote. Fundi alimpandisha ngazi akamwonyesha ufa ulivyokuwa darini, na aliposhuka midomo yake ilikuwa imepauka. Akakaa, akaomba ruhusa kazini.

Kazi ilianzia juu, kama ilivyopaswa kuanza. Fundi alijifunga kamba kiunoni, akakaa kwenye mgongo wa paa, akawa anang'oa jiwe moja moja kwa tindo na kuliteremsha kwa ndoo. Mume wangu alipokea chini, mimi nikabeba pembeni. Gari la moshi likisikika bondeni, fundi aliacha kazi, akalala kifudifudi juu ya mabati hadi lipite, na sisi tukarudi nyuma hadi penye migomba. Mama mkwe aliketi kwenye kiti chake mlangoni mwa jikoni, akiwa na rozari ya macho tu, maana sisi hatukuwa Wakatoliki. Alikuwa akilikodolea macho jiwe moja hadi lishuke, halafu lingine.

Sehemu ya juu ya mabati iliisha salama. Ilibaki ile iliyokuwa ndani ya dari, nayo ndiyo iliyokuwa nene zaidi. Alasiri wingu lilikuja kutoka upande wa Londiani, jeusi, na upepo baridi mbele yake. Kule kwetu kila mtu anajua maana ya upepo ule. Mume wangu akaita, "Shuka! Tutamaliza kesho." Fundi akajibu kwamba maji yakiingia katika ule udongo wa katikati ya mawe, hakutakuwa na kesho. Akaendelea.

Mvua ya mawe ilipiga mabati kwa ghafla, kelele tupu, hata sikuisikia sauti yangu mwenyewe. Nilimwona fundi amekumbatia boriti, kichwa kimefunikwa kwa mkono. Kisha nyumba ikatoa sauti niliyoisikia kwa miguu kabla ya masikio. Dirisha la sebule likatapika vumbi. Madirisha ya chumba cha mama mkwe yakapasuka yote mawili kwa pamoja, na mabati ya katikati yakazama ndani kama kitambaa.

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua juu ya paa hapakuwa na mtu.

Mume wangu alikimbia ndani akiita. Nilisimama kwenye mvua ile ikinipiga kichwani na mabegani, nikisema neno moja tu, "Mkewe, mkewe, mkewe," kwa sababu nilikuwa nimekunywa maziwa yake na kumwachia mtoto wangu, nami ndiye niliyemtoa mume wake nyumbani.

Kamba ilikuwa imemwokoa. Tulimkuta akining'inia kwenye boriti ndani ya dari iliyopasuka, mguu mmoja umebanwa, uso mweupe kwa chokaa, macho wazi. Chini yake sebule yote ilikuwa mawe. Ukuta wa chumba cha mama mkwe ulikuwa umelala, na pale kitanda kilipokuwa palifunikwa na mawe hata sakafu ya mbao ilikuwa imevunjika kuelekea chini. Mume wangu alipaangalia mahali hapo. Alipaangalia tena. Kisha akapanda juu ya mawe, akamfungua fundi, na walipofika chini wote wawili walitoka nje, kila mmoja akaenda nyuma ya nyumba upande wake, na nikawasikia wakitapika.

Mguu wa fundi ulifungwa kwenye zahanati, haukuwa umevunjika sana. Alirudi akichechemea baada ya kupumzika kwao, na akamaliza kazi yote kwa mikono yake, na katika muda huo hakuna aliyemharakisha. Chumba cha mama mkwe ndicho kilichojengwa kwanza. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyerudisha kitanda, akakisukuma huku na huko hadi mama yake akasema hapo, hapo ndipo. Alilala chumbani humo miaka yote aliyobakiza duniani.

Sebule ilipokamilika ibada ikaja kwetu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeketi nje. Tulimwalika fundi, akaja na mkewe na kibuyu cha mursik. Watu waliisifu nafasi, wakaimba, mchungaji akawaombea walioijenga. Fundi alikuwa amechagua kiti cha karibu na mlango. Nilipomaliza kugawa chai sikwenda kukaa mbele na wake wa wazee. Nilikaa karibu naye. Wengine walikuwa wamefumba macho kwa maombi. Sisi wawili tulikuwa tukitazama dari.